Kifuko cha Milimita 11: Kurudia au Kutorudia Picha ya Ubongo

Mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 31, mkazi wa Tanga, alifika kliniki akiwa na bahasha ya kaki yenye filamu mbili za MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa nguvu za sumaku, zilizopigwa Dar es Salaam, pamoja na ripoti ya ukurasa mmoja ambayo mikunjo yake ilikuwa imeanza kuchanika kwa kukunjuliwa mara nyingi. Mstari wa mwisho wa ripoti ulisema kwamba ameonekana na sisti, yaani kifuko cha majimaji, ya milimita 11 kwenye tezi ya pineali iliyo ndani ya ubongo, kwamba majimaji yaliyomo hayafanani kabisa na maji ya kawaida ya ubongo, na kwamba inashauriwa picha irudiwe baada ya miezi 3 kwa kutumia dawa ya mshipani ya kuongeza mwonekano. Alikuja na swali moja: je, arudie? Wasifu wake nimeujenga kutokana na wagonjwa kadhaa wenye historia zinazofanana, ili asitambulike yeyote kati yao, lakini hoja za kitabibu zilizoongoza uamuzi ni zile zile.

Tulianza na historia, si na filamu. Tangu akiwa na umri wa miaka 19 alikuwa akipata maumivu ya kichwa ya upande mmoja, yanayopwita, yanayodumu kwa muda wa saa 6 hadi siku nzima, yakiambatana na kichefuchefu na kushindwa kuvumilia mwanga wala kelele za darasani. Dada yake na marehemu bibi yake walikuwa na hali hiyo hiyo, na nyumbani wote waliijua kwa jina lake la siku zote, kipandauso. Kilichobadilika katika miezi 5 ya mwisho ni kwamba maumivu yalikuwa yakija karibu kila siku, na kwamba alikuwa akimeza vidonge vya kutuliza maumivu kutoka duka la dawa siku zipatazo 18 katika kila mwezi. Hakuwa na degedege, hakutapika alfajiri bila kichefuchefu, hakuona vitu viwili viwili, na maumivu hayakuzidi anapolala chali, anapokohoa au anapoinama. Katika uchunguzi wa mwili, mboni za macho zilisinyaa vizuri zilipomulikwa, macho yalipanda juu bila kukwama, neva za macho hazikuwa zimevimba zilipotazamwa kwa kifaa cha daktari wa macho, na mwendo wake ulikuwa wa kawaida.

Mama yake, aliyekuwa amemsindikiza, alisubiri tumalize ndipo akasema: “Daktari, mwanangu ana uvimbe kwenye ubongo, na wametuambia tusubiri miezi mitatu. Tunasubiri nini?”

Swali hilo lilikuwa sahihi zaidi kuliko mama mwenyewe alivyodhani, na nitalirudia. Lakini kwanza ilibidi tushughulike na neno uvimbe. Katika lugha yetu neno hilo hubeba jipu, nundu ya kugongwa, tezi iliyotuna shingoni na saratani yenyewe, na mtu anapoambiwa ana uvimbe kichwani hachagui maana iliyo nyepesi. Familia ilikuwa imeshasoma dua, na mjomba aliyeko Muscat alikuwa ameahidi kugharimia safari ya India kwa ajili ya upasuaji. Yote hayo yalitokana na tafsiri ya neno moja iliyofanywa mapokezini na mtu asiyekuwa na nia mbaya. Nikamweleza mama kwamba kilichoonekana ni kifuko chenye majimaji, chenye ukuta mwembamba, kinachofanana kwa umbo na lengelenge dogo, na kwamba kifuko cha namna hiyo si nyama inayoota. Naamini wanaotoa majibu ya picha wangepaswa kuliepuka neno uvimbe kabisa pale wanapomaanisha sisti. Kuliepuka hakugharimu chochote.

Tezi ya pineali iko katikati kabisa ya ubongo, upande wa nyuma. Kwa ukubwa hailingani hata na punje ya mahindi, na kazi yake inayojulikana zaidi ni kutoa homoni ya melatonini inayosaidia mwili kutambua usiku na mchana. Vifuko ndani ya tezi hiyo ni jambo la kawaida sana: katika baadhi ya chunguzi za maiti, vifuko vidogo vimeonekana kwa robo ya watu au zaidi, watu waliokufa kwa sababu nyingine kabisa bila kujua kwamba wanavyo. Picha za MRI za siku zote huona vichache kuliko hivyo, kwa kuwa vidogo sana hupita kati ya kipande kimoja cha picha na kingine. Hatari ya mahali hapo inatokana na jirani yake. Chini na mbele ya tezi hupita mfereji mwembamba unaoitwa mfereji wa Sylvius, ambao maji ya ubongo hupitia kutoka vyumba vya juu kwenda chini. Kifuko kikikua vya kutosha kinaweza kuubana mfereji huo, maji yakarudi nyuma na vyumba vikatanuka. Kinaweza pia kulikandamiza eneo linaloongoza macho kutazama juu, na hapo ndipo hutokea dalili zinazoitwa kwa jina la daktari wa macho wa Ufaransa, Henri Parinaud: macho hushindwa kupanda juu, na mboni husinyaa mtu anapotazama kitu cha karibu lakini hazisinyai vizuri zinapomulikwa. Vifuko vinavyoleta shida ya namna hii kwa kawaida huwa vimezidi milimita 15. Milimita 11 si ndogo kabisa, wala si kubwa, na ndiyo maana kisa hiki kilihitaji kufikiriwa badala ya kuamuliwa kwa desturi.

Sasa nirudi kwenye swali la mama: tunasubiri nini? Picha ya kurudia inaweza kuwa na moja ya kazi mbili, na ripoti nyingi huzichanganya. Kazi ya kwanza ni kuondoa shaka ya utambuzi, yaani kujua kama hiki ni kifuko kweli au ni mwoto wa seli wenye sehemu ya majimaji, kwa mfano pineositoma, ambao mara chache huweza kujifanya kifuko. Kazi ya pili ni kuona kama kifuko ambacho tayari tunakijua kinakua. Kazi ya kwanza inahitaji picha iliyo bora zaidi, na haina sababu ya kusubiri miezi 3. Kama kuna shaka ya kweli, picha bora ipatikane wiki hii. Kazi ya pili inahitaji muda, na miezi 3 ni mifupi mno kwa kitu kinachobadilika kwa miaka, kama kinabadilika. Kwa hiyo agizo la kurudia baada ya miezi 3 halikuwa likitimiza vizuri kazi yoyote kati ya hizo mbili.

Simlaumu mtaalamu wa radiolojia aliyeandika ripoti. Fomu aliyoletewa ilikuwa na maneno matatu tu, “maumivu ya kichwa”, bila umri wa tatizo, bila matokeo ya uchunguzi wa macho, bila kutaja kipandauso cha miaka 12. Mtu anayesoma picha bila kumwona mgonjwa hujilinda kwa kupendekeza tahadhari, na sisi tunaojaza fomu kwa haraka ndio tunaomlazimisha afanye hivyo.

Tukaanza na shaka ya utambuzi. Filamu zilizochapishwa zilionyesha vipande vya unene wa milimita 5, na kwa kifuko cha milimita 11 hilo lina maana kwamba kinaonekana katika vipande viwili au vitatu tu, huku ukuta wake wa nyuma ukififia kati ya kipande na kipande. Kwa filamu hizo peke yake nisingeweza kusema kwa uhakika kwamba ukuta ni laini. Tulimwomba mwalimu arudi kituoni akaombe nakala kamili ya picha kwenye CD, na hapo kisa kiligeuka: ndani ya CD kulikuwa na mfululizo wa picha za vipande vya milimita 1 ambao haukuwahi kuchapishwa kwenye filamu. Picha bora tuliyokuwa tukiitafuta ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na tayari ilikuwa imelipiwa. Nimeona jambo hili mara nyingi kiasi kwamba sasa kila mgonjwa anayekwenda kupigwa MRI namwomba asiondoke bila CD, na aihifadhi pamoja na vyeti vyake vya kuzaliwa na vya shule.

Mtaalamu mwingine wa radiolojia aliisoma upya. Ukuta ulikuwa mwembamba, chini ya milimita 2, laini pande zote, bila kinundu kinachojitokeza ndani. Mfereji wa Sylvius ulikuwa wazi na vyumba vya maji vilikuwa na ukubwa wa kawaida. Kuhusu majimaji kutofanana na maji ya ubongo, jambo lililokuwa limeitia hofu familia, maelezo yake ni mepesi: majimaji ya vifuko vya pineali mara nyingi huwa na protini zaidi, na kwa sababu hiyo hung’aa kidogo katika aina fulani ya picha ambamo maji safi ya ubongo huonekana meusi. Ni sifa ya kawaida ya vifuko hivi. Hatukuagiza vipimo vya damu vya AFP na beta-hCG, ambavyo hutumika kutafuta aina fulani za miwoto ya seli za uzazi inayopenda eneo hilo, kwa kuwa hiyo huwapata zaidi wavulana na vijana, na picha yenyewe haikuwa na nyama ya kutiliwa shaka.

Dawa ya kuongeza mwonekano nayo ilihitaji kujadiliwa. Dawa hiyo ina metali iitwayo gadolini, na ina manufaa makubwa pale tunapotafuta mwoto, maambukizi au uvimbe wa kingo za ubongo. Lakini tishu za tezi ya pineali hazina kile kizuizi kinachozuia vitu vya kwenye damu visipenye ubongoni, kwa hiyo ukingo wa kifuko hung’aa baada ya dawa hata kikiwa cha kawaida kabisa, na picha ikichelewa kupigwa dawa inaweza hata kupenya ndani ya kifuko na kukifanya kionekane kama kitu kigumu. Kwa mgonjwa mwenye kifuko kilichoonekana vizuri, dawa hiyo ingeweza kuzalisha shaka mpya badala ya kuondoa ya zamani. Inajulikana pia kwamba kiasi kidogo cha gadolini hubaki ubongoni baada ya kuchomwa, na ingawa madhara yake kwa ubongo hayajathibitishwa, mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza baadhi ya aina zake zisitishwe kwa tahadhari. Kitu cha namna hiyo hakipaswi kutolewa pasipo sababu.

Likabaki swali la ukuaji. Hapa tuna msaada wa takwimu nzuri kutoka Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, zilizochapishwa mwaka 2011 na kundi la Wajd Al-Holou. Walipitia picha za MRI za watu wazima 48,417 wakapata vifuko vya pineali kwa watu 478, takriban mtu 1 katika kila 100, wanawake wakiwa navyo zaidi kuliko wanaume. Kati yao, 151 walikuwa na picha za ufuatiliaji. Kwa watu 124 kifuko kilibaki kilivyokuwa, kwa 23 kilipungua, na kwa 4 tu kiliongezeka. Nilimwandikia mwalimu namba hizo kwenye karatasi, na yeye, kama mtu aliyezoea kusahihisha hesabu, alizijumlisha kwanza kuhakikisha zinafika 151, kisha akasema kwamba kwa hiyo uwezekano wa kifuko chake kupungua ni mkubwa kuliko wa kukua. Ndivyo ilivyo. Waandishi wa utafiti huo walihitimisha kwamba picha za ufuatiliaji si za lazima kwa mtu mzima mwenye kifuko kisicho na dalili.

Lakini je, yeye hana dalili? Alikuwa na maumivu ya kichwa, na hapo ndipo sisi wenyewe tulipotofautiana. Mwenzangu mmoja aliona kwamba maumivu yaliyobadilika mwendo pamoja na kifuko kilichozidi milimita 10 vinatosha kumwekea ratiba ya picha kila mwaka. Mimi niliona kwamba maumivu yalikuwa na maelezo mawili yanayojitosheleza: kipandauso cha kurithi, na juu yake maumivu yanayoletwa na dawa za maumivu zenyewe zinapotumiwa siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa zaidi ya miezi 3. Kifuko kinacholeta maumivu kwa kuziba maji hakina sababu ya kuchagua upande mmoja wa kichwa, kikaondoka baada ya usingizi, na kikawa na dada na bibi wenye hali hiyo hiyo. Na picha ya kila mwaka ina swali lisilojibika: hadi lini? Vifuko hivi havina mwaka wa kumaliza muda wake, kwa hiyo ratiba isiyo na mwisho uliopangwa humfanya mtu mzima wa afya awe mgonjwa wa kudumu.

Mwishowe aliyeamua alikuwa mwalimu. Alisema kwamba ameelewa, kwamba haogopi tena miezi 3 ijayo, lakini kwamba angependa picha moja, moja tu, baada ya mwaka, ili aweze kumwonyesha mama yake na mjomba wake kwamba jambo limekwisha. Wapo watakaosema kwamba hiyo si sababu ya kitabibu. Mimi naiona kuwa sababu halali kwa kifuko cha ukubwa huu, mradi masharti yawekwe mapema. Tukaandika kwenye faili: picha ya miezi 3 imefutwa, MRI moja baada ya miezi 12, bila dawa ya mshipani, katika mashine ile ile na kwa vipande vya milimita 1, mabadiliko yanayopungua milimita 2 hayatahesabiwa kuwa ukuaji, na kama kifuko kitakuwa kilivyo, ufuatiliaji wa picha utafungwa. Kisha tukampa karatasi ya dalili ambazo zikitokea hatasubiri tarehe yoyote bali atakwenda hospitali siku hiyo hiyo: kuona viwili viwili au kushindwa kutazama juu, maumivu mapya yanayoongezeka siku hadi siku pamoja na kutapika, usingizi usio wa kawaida au mwendo wa kuyumba, na maumivu makali ya ghafla yasiyofanana na kipandauso chake, kwa kuwa mara chache sana kifuko huweza kuvuja damu ndani yake. Hilo la mwisho picha ya ratiba isingeweza kulitabiri hata ikipigwa kila mwezi.

Fedha za picha ya miezi 3, ambazo familia ilikuwa imeanza kuzichanga kwa kuwa bima ilikuwa bado haijaridhia, zilikwenda kwenye mambo mengine. Tiba ya maumivu ilikuwa ya kawaida: kusimamisha vidonge vya kila siku, na kumwonya kwamba wiki 2 za kwanza zingekuwa ngumu kuliko alikotoka, dawa ya kuzuia kipandauso iitwayo propranololi kwa kipimo kidogo kinachopanda polepole, baada ya kuhakikisha kwamba hana pumu, daftari la kuandika siku za maumivu, kula kwa wakati na kulala kwa wakati. Wiki ya pili alipiga simu akilia. Wiki ya sita alikuwa na siku 7 za maumivu kwa mwezi, na kufikia mwezi wa tano zilikuwa 3. Kifuko kilikuwa bado kipo pale pale kichwani mwake wakati maumivu yakipungua, na kwangu hilo lilikuwa jibu la swali la dalili lililo bora kuliko picha yoyote.

Baada ya miezi 12 alikwenda kupigwa picha kama tulivyokubaliana. Ripoti ilirudi ikisema kwamba sisti sasa ina milimita 12, kwamba imeongezeka ikilinganishwa na ya awali, na kwamba inashauriwa kurudia baada ya miezi 6. Alinitumia ripoti hiyo usiku kwa simu bila kuongeza neno. Asubuhi alikuja na CD zote mbili, tukazifungua kwenye kompyuta moja, bega kwa bega, na kupima upya katika kipande kile kile, kwa mwelekeo ule ule, kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje. Aliyesoma picha mpya alikuwa amepima kwa mshazari, wakati aliyesoma ya awali alipima kwa urefu. Kwa mshazari, picha ya mwaka uliopita nayo ilikuwa na milimita 12. Kwa urefu, mpya nayo ilikuwa na 11. Ukuta haukubadilika, mfereji ulikuwa wazi, vyumba vilikuwa vile vile.

Nilimwonyesha mistari miwili ya vipimo kwenye skrini, naye akaomba kushika kipanya apime mwenyewe. Alipima mara tatu. Kisha akatoa simu akaipiga picha skrini kwa ajili ya mama yake, akaniomba niandike kwenye faili, kwa Kiswahili, kwamba hakuna picha nyingine iliyopangwa, nami nikaandika.